Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyegeuka simba wa Safari Rally

MTEJA anayetaka gari lake liongezwe kasi katika gereji za kando ya barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, iwe ni Ukunda, Mwabungo au Msambweni, huuliza kwanza kuhusu nguvu za injini. Ni nadra kuuliza kuhusu springi za vali. Hata hivyo, maisha ya marehemu Joginder Singh, bingwa mara tatu wa mashindano ya magari ya Safari Rally, yanadhihirisha kwamba ushindi hutegemea pia vipuri vidogo visivyoonekana.

Joginder alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, katika familia ya Kalasinga yenye asili ya Punjab. Babake alikuwa na gereji jijini Nairobi, na humo ndimo kijana huyo alimojifunza ufundi baada ya kuacha masomo. Alizoea kufungua injini, kuitambua kasoro na kuifunga tena, miaka mingi kabla ya jina lake kuvuma.

Mnamo 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama fundi wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva waliokwama. Mwaka uliofuata aliingia Safari kwa mara ya kwanza.

Mashindano hayo yalikuwa yameanza mwaka wa 1953. Wakati wa Pasaka, magari yalipita maelfu ya kilomita katika vumbi, matope na mito iliyofurika, usiku na mchana, huku sehemu kubwa ya wanaoanza ikishindwa kufika mwisho. Kwa hivyo, gari lenye kasi kubwa kwa saa moja halikuwa na maana iwapo halingestahimili siku kadhaa.

Ukweli huo ulijitokeza mwaka wa 1965. Joginder, akisaidiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa gari aina ya Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Waliokuwa na magari mapya na mafundi wengi waliachwa nyuma na ndugu wawili waliolelewa gerejini.

Injini ya Volvo hiyo ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,778. Kamshafti yake ilikaa chini, ndani ya bloku. Ilisukuma tapeti, tapeti ikasukuma pushirodi, nayo pushirodi ikainua roka iliyofungua vali. Kazi ya kuirudisha vali mahali pake iliachiwa springi.

Hapo ndipo penye mtego kwa yeyote anayebadilisha silinda hedi ili injini ivute hewa zaidi. Vali kubwa huwa nzito, na kamshafti ya mbio huinua vali juu zaidi na kuiachilia kwa haraka. Springi ya kawaida ikishindwa kwenda na mwendo huo, vali huchelewa kufunga, nguvu hupotea, na vali yaweza hata kugongana na pistoni.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kutia springi ngumu kupita zote. La hasha. Springi ngumu mno hula kamshafti na tapeti, huweza kupinda pushirodi, na huchosha kila kiungo kilichoko katikati. Aidha, springi inayobanwa hadi mizingo yake kugusana kabla vali haijafunguka kikamilifu huvunja kitu. Fundi stadi kwanza hupima uzito wa vali, kimo inachoinuliwa na mizunguko ya juu ambayo injini itafikia, kisha huchagua springi inayotosha kazi hiyo bila kuizidi.

Joginder alipata ushindi wake wa pili mwaka wa 1974 akiwa na msaidizi wake David Doig, wakati Safari ilipokuwa tayari sehemu ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Walitumia Mitsubishi Lancer 1600 GSR na kumshinda Björn Waldegård wa Sweden aliyeendesha Porsche 911, gari lililoizidi Lancer kwa nguvu.

Katika Lancer hiyo, kamshafti ilikuwa juu kwenye silinda hedi, karibu na vali zenyewe. Pushirodi hazikuwepo, na uzito wa kurushwa juu na chini ulipungua. Injini ya aina hiyo yaweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila kudai springi ngumu kupita kiasi. Mwaka wa 1976, Joginder na Doig walishinda tena, na magari ya Lancer yakatwaa nafasi zote tatu za kwanza.

Takwimu inayoeleza maisha yake zaidi ya vikombe ni hii: kati ya Safari 22 alizoshiriki hadi 1980, alimaliza 19. Wakenya walimpa jina la Simba wa Kenya, na wageni wakamwita Kalasinga apaaye. Lakini huyo aliyesemekana kupaa alisifika hasa kwa kulitunza gari lake hadi mwisho wa safari.

Baadaye aliishi London, ambako alifariki Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hakuishi kuona Safari ikirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021. Urithi wake, hata hivyo, haumo katika mbio pekee. Umo mikononi mwa kila fundi anayemweleza mteja, kabla ya kupokea pesa zake, kwamba hedi kubwa isiyolingana na springi, kamshafti na barabara itakayopitiwa si nguvu, bali ni hasara inayosubiri siku yake.