Wasifu wa Hattie McDaniel (1893–1952)

Mtahiniwa, mwigizaji huyu alijulikana zaidi kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Kabla hujamhukumu, fuatilia maisha yake.

Hattie McDaniel alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, Kansas, nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Alianza kwa kuimba na kuigiza jukwaani, na kazi ya sanaa ilipokosekana alikuwa mtumishi wa kweli.

Filamu ya Gone with the Wind (1939) ilimpa umaarufu. Hata hivyo, ilipozinduliwa Atlanta hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, lakini usiku huo aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake.

Baadhi ya viongozi weusi walimlaumu kwa kukubali nafasi za utumishi. Kumbuka kwamba hizo ndizo alizopewa.

Mwaka 1947 alianza kuigiza redioni kama Beulah, naye pia mtumishi. Mwaka 1951 aliichukua nafasi hiyo kwenye runinga, akarekodi vipindi vichache tu kabla ya ugonjwa kumzuia. Alifariki kwa saratani ya matiti Oktoba 1952. Alitamani kuzikwa katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa kwa rangi yake.

Ukiulizwa kutathmini mchango wake, usitaje tuzo pekee. Taja na milango aliyofungiwa.