Hermann Abich na Vilima vya Tope

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kukuta humu maisha ya wafalme, mashujaa wa vita na washairi. Safari hii namleta kwenu mtu aliyeshughulika na tope. Jina lake ni Hermann Abich, Mjerumani, na wataalamu wa miamba humhesabu kuwa baba wa jiolojia ya milima ya Kaukasi. Nimemchagua kwa sababu kila volkano ikitajwa darasani sote twawaza moto, kama ule wa Ol Doinyo Lengai. Kumbe ziko volkano nyingine ambazo hazitoi mawe yaliyoyeyuka hata kidogo. Hutoa tope, na tope lenyewe mara nyingi ni la baridi.

Abich alizaliwa Berlin tarehe 11 Desemba 1806. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo huo, na kazi yake ya kwanza ilihusu madini. Lakini hakuwa mtu wa kujifungia chumbani na vijiwe vyake. Mwaka 1833 na 1834 alikuwa Italia, akipanda Vesuvius na Etna, akichora vinywa vya milima hiyo na kuchunguza gesi zitokazo humo. Basi aliujua moto wa ardhini kabla hajaanza kulitazama tope. Jambo hili naliona kubwa, maana asiyeijua volkano ya moto atawezaje kuipambanua na ile isiyo ya moto?

Mwaka 1842 alifanywa profesa huko Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia; siku zile ulikuwa chini ya Urusi. Hakukaa sana. Mwaka 1840 tetemeko kubwa lilikuwa limebomoa ubavu wa mlima Ararat na kukifukia kijiji cha Akhuri, naye mwaka 1844 akaenda kuuchunguza mlima ule. Kisha akataka kuupanda. Mwalimu mwingine wa Dorpat, aitwaye Parrot, alikuwa ameupanda mwaka 1829, lakini watu wengi walikataa kumsadiki. Abich alirudishwa na hali mbaya ya hewa, akajaribu tena, na mwaka 1845 akafaulu. Parrot hakuwahi kuisikia habari hiyo, kwani alikuwa amekufa mwaka 1841.

Tangu hapo Abich alifanya kazi katika Kaukasi kwa zaidi ya miaka 30, kwa muda mrefu akikaa mji wa Tiflis, ambao sasa ni Tbilisi. Huko ndiko alikokutana na vilima vya tope. Viko vingi karibu na Baku, kando ya Bahari ya Kaspi. Nchi ya Azerbaijani peke yake ina zaidi ya 300. Vingine ni vidogo kama kichuguu, vikibubujika polepole siku nzima. Vingine ni milima hasa, hunyamaza miaka mingi, kisha hulipuka ghafula, na gesi yao ikishika moto miali huonekana kutoka mbali. Lokbatan ulifanya hivyo Oktoba 2001. Si ajabu watu wa kale walidhani chini yake mna moto.

Abich alitembea, akapima, akachora ramani. Akaona kwamba vilima hivyo havikutawanyika ovyo. Vilifuata mikunjo ya miamba, mahali ambapo tabaka za chini zimeinuliwa kama mgongo wa ngamia, na mafuta ya taa ya ardhini yalionekana hapo hapo. Tope, gesi na mafuta vilikuwa na nyumba moja.

Leo sababu yake twaijua vizuri zaidi. Kwa mamilioni ya miaka mito ilimwaga udongo katika bonde la kusini mwa Kaspi, hata tabaka zikapata unene wa zaidi ya kilometa 20. Udongo wa mfinyanzi ulifunikwa upesi mno, maji yakakosa njia ya kutoka. Mabaki ya viumbe yaliyozikwa humo yakageuka mafuta na gesi ya methani, na shinikizo likazidi. Tena nchi yenyewe inabanwa toka ubavuni, kwa kuwa bara la Arabuni linasukumana na Asia. Aliyewahi kupanda mpunga ajua tope linavyopenya katikati ya vidole vya miguu akikanyaga. Ndivyo lifanyavyo chini huko: likipata ufa hupanda, na gesi hulisukuma kama soda katika chupa iliyotikiswa.

Mei 1861 kisiwa kipya kilizuka baharini, upana wake mita 87 na kimo mita 3.5. Mawimbi yakakila, na mwanzo wa 1862 hakikuwapo tena. Abich aliandika juu ya kisiwa hicho kitabu kilichotoka mwaka 1863, pamoja na habari za volkano za tope za pwani ile. Mahali pale pale kisiwa kilizuka tena mwaka 1950, na tena mwaka 2023.

Mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya kuchezea tope na atazame Sidoarjo, katika kisiwa cha Java. Tarehe 29 Mei 2006 tope la moto lilianza kufoka karibu na kisima cha kutafutia gesi, likafunika vijiji na kuwatoa maelfu ya watu makwao. Wataalamu wamebishana miaka mingi: wengine walaumu uchimbaji, wengine tetemeko la Yogyakarta la siku 2 kabla, ambalo lilikuwa mbali, kama kilometa 250. Mimi naelekea kwa wale wanaolaumu uchimbaji.

Abich mwenyewe aliondoka Kaukasi akiwa mzee, akahamia Austria ili aandike aliyoyaona. Kitabu chake kikubwa juu ya nchi zile kilikuwa na sehemu 3. Ya kwanza ilitoka mwaka 1878, ya pili 1882. Alikufa tarehe 1 Julai 1886, na ya tatu ikachapwa mwaka uliofuata. Mwaka 1896 mjane wake alizitoa barua alizoandika safarini.