Cyprien, askofu wa Carthage

Kabla ya wamisionari kufika kwetu, Afrika ilikuwa tayari na wachungaji wake. Cyprien alikuwa mmoja wao, mtu wa Carthage, katika inchi inayoitwa leo Tunisia. Alikuwa mwalimu mwenye sifa na mali. Alimwamini Yesu karibu na mwaka 246, akawagawia maskini mali yake. Muda mfupi baadaye akafanywa askofu.

Mwaka 250 Kaisari Decius akaamuru watu wote watolee miungu sadaka na kupewa cheti. Wakristo wengi mno walianguka. Wengine walinunua cheti tu, wakidhani Mungu haoni. Cyprien akajificha, akaongoza kanisa kwa barua. Ndipo akalaumiwa kwamba mchungaji amewakimbia kondoo, hata ikambidi ajieleze kwa ndugu wa Roma.

Walioanguka wakarudi wakilia. Kuna waliotaka wafungiwe mlango kabisa, na kuna waliotaka wapokelewe siku ileile. Cyprien aliwaagiza watubu kwanza, tena toba ya kweli, ndipo warudishwe. Na tauni ilipoingia mjini, aliwatuma waamini kuwasaidia hata wapagani waliowatesa.

Mateso yakarudi chini ya Kaisari Valerian. Mwaka 258 walitaka kumpeleka mji wa Utica. Akajiepusha, kwa kuwa alitaka kufa mbele ya kondoo wake. Tarehe 14 Septemba, huko Carthage, alikataa kuitolea miungu sadaka. Akavua joho lake, akaagiza muuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu. Waamini wakatandika vitambaa mbele yake.