Mangi Meli wa Moshi na uvamizi ulioamua hatima ya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Uru, Moshi

Mwanafunzi wa Uru anayepewa kazi ya nyumbani kuhusu uvamizi wa Wajerumani mkoani Kilimanjaro hana haja ya kuitafuta historia hiyo mbali na kwao. Mashariki ya Uru, ukivuka mabonde na vihamba, iko Old Moshi, lilipokuwa boma la Mangi Meli. Magharibi iko Kibosho, nchi ya Mangi Sina. Katika mwongo mmoja tu, kati ya mwaka 1891 na mwaka 1900, mambo yaliyotokea katika nchi hizo jirani yaliondoa utawala wa mlima mikononi mwa wenyeji na kuuweka chini ya bendera ya Ujerumani.

Jina la Mangi Meli linafahamika sana kwa sababu ya kifo chake. Wengi hujua kwamba alinyongwa na kwamba kichwa chake kinasadikiwa kupelekwa Ujerumani. Yanayosahaulika mara nyingi ni yale yaliyotangulia: kwamba Moshi ilivamiwa mara mbili, kwamba katika uvamizi wa kwanza Meli ndiye aliyeshinda, na kwamba kushindwa kwake katika uvamizi wa pili kulitokana na sababu zaidi ya nguvu ya bunduki. Bila kuyaelewa hayo matatu, maisha yake hubaki hadithi ya huzuni isiyokuwa na maelezo.

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, ambaye wageni wa zama zile walimwita pia Mandara. Rindi aliifanya Moshi kuwa dola ndogo yenye jina kubwa. Misafara ya biashara iliyotoka Pangani na bandari nyingine za pwani ilipita kwake, na wageni kutoka Ulaya walitua bomani mwake kabla ya kwenda kwingine mlimani. Mwaka 1885 alipokea wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Mwaka huohuo aliipokea bendera ya Sultani wa Zanzibar iliyoletwa na Lloyd Mathews, na baada ya muda mfupi akatia alama yake katika mkataba wa Karl Jühlke, mjumbe wa Wajerumani. Katika macho ya Rindi, bendera hizo zilikuwa njia ya kupata marafiki wenye silaha. Huko Ulaya maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwezi Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ulioiweka Kilimanjaro upande wa Ujerumani, na hakuna Mangi aliyeulizwa. Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake hadi Berlin, akiendelea kuamini kwamba alikuwa akizungumza na wenzake walio sawa naye.

Hasimu mkubwa wa Rindi alikuwa Sina wa Kibosho, mpiganaji aliyejenga boma imara la mawe. Uru, iliyokuwa katikati ya nchi hizo mbili, ilibanwa na uhasama wao, na wakazi wake walilipa gharama ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Mwezi Februari 1891, Hermann von Wissmann aliongoza jeshi la Wajerumani kwenda kuipiga Kibosho, na wapiganaji wa Moshi walikwenda pamoja naye. Sina alishindwa. Rindi alimwona adui yake akinyenyekezwa, lakini katika kufanya hivyo alikuwa amewaonyesha Wajerumani njia za mlimani na udhaifu uliotokana na mgawanyiko wa wenyeji. Alifariki dunia kabla ya mwaka huo kwisha, na Meli, akiwa bado kijana, akakalia kiti cha baba yake.

Urithi aliokabidhiwa ulikuwa na jina kubwa na hatari kubwa. Wajerumani walikuwa wamejenga kituo chao Marangu, kwa Mangi Marealle, ambapo Carl Peters alikaa mwaka 1891. Marealle alikuwa kiongozi mwerevu aliyetambua mapema kwamba ukaribu na wageni ungeweza kuipandisha Marangu juu ya majirani zake wenye nguvu zaidi. Taarifa zilizofika kituoni zilimchora Meli kama mtawala mkaidi asiyekubali mamlaka mapya, na waandishi wa historia ya Wachagga huona mkono wa Marealle katika taarifa hizo. Meli, kwa upande wake, alilelewa akimwona baba yake akiwapokea Wazungu kama wageni wake. Kugeuzwa mtu wa kupokea amri kutoka Marangu hakukumwingia akilini.

Mwezi Juni 1892, mkuu wa kituo cha Marangu, von Bülow, aliondoka na askari wake kwenda kuiadhibu Moshi. Siku ya tarehe 10 Juni walikutana na wapiganaji wa Meli katika nchi ambayo wenyeji waliijua kwa kila hatua. Ramani ya mahali penyewe inasaidia kuelewa kilichotokea: mabonde yenye kingo kali, mifongo ya maji, na vihamba vya migomba vinavyomficha mtu aliye hatua chache tu mbele. Safu ya askari haiwezi kutanuka katika ardhi ya namna hiyo, na anayeshambulia hajui risasi inatoka wapi. Isitoshe, watu wa Moshi walikuwa na bunduki zilizopatikana kwa miaka mingi ya biashara ya misafara. Von Bülow aliuawa pamoja na afisa mwenzake, Wolfrum. Waliosalia walirudi nyuma, na kituo cha Marangu kikaachwa kwa muda.

Uzito wa ushindi huo unaonekana vizuri ukiwekwa kando ya tukio jingine. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa. Kwa hiyo katika muda wa chini ya mwaka mmoja, Wajerumani walipoteza makamanda wawili, mmoja katika Nyanda za Juu Kusini na mwingine Kaskazini. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua utawala wa koloni kutoka kwa kampuni ya biashara mwanzoni mwa mwaka 1891, na haikuweza kuonekana dhaifu mara mbili mfululizo.

Meli aliishi mwaka mmoja akiwa mshindi, na mwaka huo ulikuwa mgumu. Wajerumani waliwalaumu wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi, wakiwatuhumu kumpa Mangi moyo na hata silaha. Kutokana na shinikizo hilo, wamisionari hao waliondoka mwaka 1892 na kuhamia Taveta, upande wa Waingereza. Meli akapoteza watu ambao wangeweza kumwombea kwa wakubwa wa Ulaya. Mlimani kwenyewe hakupata muungano wa kumsaidia. Sina alikuwa amekwisha kuvunjwa, tena kwa msaada wa Moshi yenyewe, na Marealle alikuwa upande wa pili. Nchi ndogo kama Uru, zilizoumizwa na vita vya wakubwa, hazikuwa na sababu ya kuifia Moshi.

Uvamizi wa pili ulikuja tarehe 12 Agosti 1893. Safari hii aliyeongoza alikuwa Kanali Friedrich von Schele mwenyewe, kiongozi wa juu wa koloni, akiwa na jeshi kubwa lenye askari wa kulipwa waliofunzwa, wakiwemo Wasudani, pamoja na silaha nzito kuliko zile za von Bülow. Watu wa Moshi walipigana, na afisa mmoja wa Kijerumani, Axt, aliuawa, lakini ngome zao zilivunjwa na boma la Mangi likatekwa. Baada ya siku chache Meli alijisalimisha ili kuokoa kilichobaki cha nchi yake. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1894, von Schele huyohuyo aliiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mtiririko huo unaonyesha kwamba vita vya Moshi vilikuwa sehemu ya mpango mmoja wa kulipiza kisasi na kuitiisha nchi nzima.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Kituo cha kijeshi kilihamishiwa Moshi, chini ya Kapteni Kurt Johannes, na wananchi wakalazimishwa kutoa nguvu kazi. Meli aliachwa kwenye kiti chake, lakini kiti hicho sasa kilikuwa chini ya macho ya boma la Wajerumani. Marealle akazidi kupanda na kupewa mamlaka juu ya Mangi wengine wa mashariki mwa mlima. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, na Mangi wakageuzwa wakusanyaji wake. Mtawala aliyekuwa akisikiliza mashauri ya watu wake alitakiwa sasa kuwabana kwa niaba ya mwingine.

Hali ya wasiwasi ilikuwa imetanda pia Meru na Arusha, ambako wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa mwezi Oktoba 1896 na adhabu kali ikafuata. Mwishoni mwa mwongo huo Johannes alipokea tuhuma kwamba Meli na viongozi wengine wa Wachagga walikuwa wakipanga njama na Waarusha na Wameru ili kuwafukuza Wajerumani. Kwa mara nyingine, simulizi nyingi za mlimani huihusisha Marangu na chanzo cha habari hizo. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli na wenzake walinyongwa Old Moshi mbele ya umati. Waliouawa siku hiyo walikuwa 19, wakiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Wale ambao baba zao walikuwa mahasimu, Moshi na Kibosho, walikutana hatimaye upande mmoja, lakini penye kitanzi.

Tangu hapo swali la kichwa cha Mangi Meli limebaki na familia yake na wananchi wa Old Moshi. Wakati wa ukoloni, maelfu ya mafuvu ya Waafrika yalipelekwa katika makumbusho na taasisi za Ujerumani kwa kisingizio cha utafiti. Uchunguzi wa mkusanyiko mmoja wa mafuvu zaidi ya 1,100 huko Berlin ulibaini kwamba 202 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Mwezi Septemba 2023, watafiti walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vililingana na familia zinazoishi nchini, na mojawapo ni la Akida, mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwake. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954. Familia ya Meli ingali inasubiri.

Kwa mwanafunzi anayeandaa majibu yake, maisha ya Mangi Meli yanampa mpangilio ulio wazi. Chanzo cha mbali cha uvamizi ni kugawanywa kwa Afrika Mashariki mwaka 1886. Chanzo cha karibu ni mvutano wa Moshi na kituo cha Marangu. Ushindi wa mwaka 1892 ulitokana na ardhi, silaha na umoja wa watu wa Moshi. Kushindwa kwa mwaka 1893 kulitokana na jeshi kubwa zaidi lililowakuta wenyeji wamegawanyika. Matokeo yake ni kodi, kazi za kulazimishwa na kunyongwa kwa viongozi.

Kila tarehe 2 Machi, wananchi hukusanyika Old Moshi kuwakumbuka waliouawa mwaka 1900. Kutoka Uru hadi hapo si mbali, na shule zinazofundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili zinaweza kuwapeleka wanafunzi wao wakaone kwa macho yao mabonde yaliyomshinda von Bülow, na mahali ambapo, miaka minane baadaye, Mangi Meli alitoa roho yake.