Hattie McDaniel: nyota aliyepewa tuzo akanyimwa kiti

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, wakuu wa sinema ya Marekani walikusanyika katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, kushuhudia utoaji wa tuzo za Oscar. Filamu iliyotawala usiku huo ilikuwa Gone with the Wind, na waigizaji wake wakuu waliketi pamoja na mtayarishaji wao, David O. Selznick. Mmoja wao hakuwa nao. Hattie McDaniel, aliyepamba nywele zake kwa maua meupe, aliwekwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea wageni weusi, na hata kuingia kwake kulihitaji kuombewa ruhusa ya pekee. Ilipofika zamu ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, jina lililotajwa lilikuwa lake. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar.

Hattie alizaliwa tarehe 10 Juni 1893 mjini Wichita, jimbo la Kansas, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa na baadaye akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini. Familia ilihamia Colorado, na huko Denver binti huyo alijifunza sanaa ya jukwaani pamoja na ndugu zake. Alitunga nyimbo, akarekodi santuri, na katika miaka ya 1920 sauti yake ikasikika redioni, wakati ambapo wanawake weusi waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache mno.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, kazi za jukwaani zilikauka. Hattie alijikuta karibu na mji wa Milwaukee akihudumu katika vyoo vya wanawake vya klabu moja ya usiku, hadi alipopewa nafasi ya kuimba mahali hapo hapo. Mwaka 1931 aliwafuata ndugu zake Los Angeles. Siku ambazo hapakuwa na kazi ya filamu alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Alipoitwa studio, mara nyingi alipewa nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Alichokifanya asubuhi kwa ajili ya chakula, jioni alikifanya tena mbele ya kamera, na katika filamu nyingi jina lake halikuandikwa kabisa.

Gone with the Wind ilimpa nafasi ya Mammy, mtumwa anayemlea binti wa tajiri wa mashamba ya pamba. Filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939, Hattie hakuhudhuria, kwani sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia zisingemruhusu kukaa pamoja na wenzake weupe. Tuzo aliyopewa miezi miwili baadaye haikumfungulia milango aliyoitarajia. Studio ziliendelea kumvisha aproni ile ile.

Lawama nazo zilimfikia kutoka upande wa pili. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kikuu kilichotetea haki za Wamarekani weusi, alipinga vikali picha ya mtumishi mcheshi na mtiifu iliyokuwa ikirudiwa katika sinema, na Hattie aliona kwamba lawama hizo zinamlenga yeye. Utetezi wake ulikuwa mfupi: afadhali kulipwa kwa kuigiza mjakazi kuliko kuwa mjakazi kwa ujira usiotosha. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na mjadala huo haujaisha hadi leo.

Hata hivyo, mapambano yake makubwa zaidi hayakuwa mbele ya kamera. Hattie alinunua nyumba katika mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles, uliopewa jina la Sugar Hill. Baadhi ya majirani weupe walikwenda mahakamani kutaka yeye na Weusi wengine waondolewe, wakitegemea masharti ya hati za viwanja yaliyokataza watu weusi kumiliki nyumba humo. Walitetewa na wakili mweusi, Loren Miller. Mwezi Desemba 1945, jaji Thurmond Clarke aliitupilia mbali kesi hiyo kwa kuzingatia haki zilizomo katika katiba. Miaka mitatu baadaye, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba hakuna mahakama inayoweza kutekeleza masharti ya namna hiyo.

Mwaka 1947 redio ilimrudisha kileleni. Alichukua nafasi ya Beulah, mhusika mweusi ambaye hadi wakati huo sauti yake ilikuwa ikitolewa na wanaume weupe, na hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wa redio uliosikika Marekani nzima. Maradhi yalimkatiza. Alifariki dunia kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952, akiwa na umri wa miaka 59.

Aliomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, walikolala wasanii wenzake. Ombi hilo lilikataliwa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Jiwe la kumkumbuka liliwekwa Hollywood mwaka 1999. Tuzo yake, aliyousia ipewe Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea chuoni hapo, na mwezi Oktoba 2023 chuo hicho kilikabidhiwa nyingine badala yake.

Ilipita miaka 51 kabla ya mwanamke mwingine mweusi, Whoopi Goldberg, kupokea Oscar ya uigizaji mwaka 1991. Mwaka 2014 tuzo ile ile ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Lupita Nyong'o, binti wa wazazi Wakenya, kwa nafasi ya mtumwa katika filamu ya 12 Years a Slave. Usiku ule Lupita aliitwa jukwaani kutoka katika viti vya mbele, miongoni mwa waigizaji wenzake.