Emil Fischer: Mkemia wa Sukari na Protini

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Webuye huyaacha mashamba ya mahindi ya Kiminini na, kabla hajafika mwisho wa safari, hujikuta kati ya miwa ya Bukembe, kilipo kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga mwaka 1978. Wanga wa mahindi ni mnyororo wa glukosi. Sukari ya miwa ni glukosi iliyoungana na fruktosi. Aliyetufumbulia jinsi glukosi na nduguze zilivyojengwa ni Mjerumani Emil Fischer. Wanafunzi wa kemia humjua kwa michoro. Sisi wa idara za Kiswahili aghalabu hatumjui kabisa.

Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 mjini Euskirchen, karibu na Cologne. Babake, Laurenz, alikuwa mfanyabiashara aliyetaraji mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana aliijaribu, ikamshinda, ndipo mzee akamwachilia asome. Aliingia Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 1871, akahamia Strasbourg mwaka uliofuata, na mwaka 1874 akahitimu shahada ya udaktari chini ya Adolf von Baeyer.

Mwaka 1875 aligundua fenilihidrazini, na kiowevu hicho ndicho kilichompa umaarufu na kumharibia afya. Yeyote aliyeshuhudia maji ya miwa yakichemshwa kuwa sukari nguru anajua jinsi sharubati inavyong'ang'ania kunata. Wakemia wa enzi hiyo walisumbuliwa na unato uo huo, kwani sukari zao zilikataa kuganda, na kisichoganda ni vigumu kukisafisha na kukitambua. Mwaka 1884 Fischer alionyesha kwamba sukari ikichanganywa na fenilihidrazini hutoa fuwele za manjano zinazoweza kupimwa na kulinganishwa. Mwaka 1890, akiwa Würzburg, aliunda glukosi katika maabara. Mwaka uliofuata alibainisha mpangilio wa atomu zake kati ya mipangilio 16 iwezekanayo, bila chombo chochote cha kuiona molekuli. Alitumia hoja tupu, kama mhakiki anayelirejesha shairi kongwe kutokana na nakala zilizochakaa. Kwa utafiti wake wa sukari na purini alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1902.

Wakati huo alikuwa Berlin, alikohamia mwaka 1892, na tayari alikuwa ameigeukia protini. Mwaka 1901, pamoja na Ernest Fourneau, aliunganisha asidi amino mbili za glisini. Kufikia mwaka 1907 mnyororo wake ulikuwa na pingili 18: glisini 15 na leusini 3. Jina peptidi ni lake.

Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Kati ya sukari na protini alipita pia katika mpaka wa vitu hivyo viwili. Mnamo 1903, yeye na Hermann Leuchs walitangaza kuwa wameiunda glukosamini, sukari iliyobeba naitrojeni, ambayo asili yake ni kaitini, yaani dutu ya magamba ya wadudu, wakiwemo kumbikumbi tunaowala Bungoma mvua zinapoanza. Njiani walipata asidi yenye mwili wa sukari na kundi la amino kwa pamoja. Asidi za jinsi hiyo zinaweza kushikana mikono kama pingili za peptidi. Katika miaka ya 1990, mjini Munich, alikowahi kufanya kazi Fischer mwenyewe, kundi la Horst Kessler lilizitumia kuunda molekuli zinazoiga somatostatini, homoni inayozuia utoaji wa homoni ya ukuaji. Pingili ya sukari ni ngumu kupinda, hivyo huulazimisha mnyororo kushika umbo fulani. Na vimeng'enya vinavyozoea kukata peptidi za kawaida huenda visiitambue. Fischer angeelewa mara moja. Mwaka 1894, alipoona kimeng'enya kikivunja kiwanja kimoja cha glukosi na kukiacha nduguye, alikifananisha na ufunguo na kufuli. Huo ni mfano wa fasihi kuliko wa maabara, nao umedumu.

Maisha yake nyumbani hayakuwa na mpangilio wa fuwele. Mkewe, Agnes, alifariki mwaka 1895 akimwachia wana watatu. Sumu ya fenilihidrazini ilimwandama miaka mingi. Mwaka 1914 alitia saini tamko la wasomi 93 lililoitetea Ujerumani vitani, doa ambalo wasifu wa haki hauwezi kulifuta, ingawa baadaye alilijutia. Vita hivyo havikumrudishia wanawe wawili. Alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919.

Mwana aliyesalia, Hermann, aliiendeleza kemia ya sukari hadi Berkeley, Marekani, alikofariki mwaka 1960. Karatasi za babake zimehifadhiwa huko.