Tomáš Baťa: Fundi viatu aliyeanza na deni

MKULIMA wa pamba na mifugo wa Ipililo, mkoani Simiyu, anahitaji kiatu kinachostahimili udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, na miiba na vumbi wakati wa kiangazi. Mara nyingi anachopata mnadani ni kiatu cha bei rahisi kinachobanduka soli kabla msimu haujaisha. Akitaka kilicho imara, bei inamshinda.

Tatizo hilo si geni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita lilimshughulisha kijana mmoja wa Ulaya ya kati, ambaye jina lake baadaye lilijulikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kijana huyo ni Tomáš Baťa.

Alizaliwa Aprili 3, 1876 katika mji mdogo wa Zlín, ambao sasa uko Jamhuri ya Czech. Ukoo wake ulikuwa wa mafundi viatu kwa vizazi kadhaa, naye alijifunza kazi hiyo tangu utotoni katika karakana ya baba yake. Mwaka 1894 yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walifungua kampuni kwa fedha za urithi wa mama yao.

Biashara ilianza vibaya. Walinunua ngozi kwa mkopo, na mwaka uliofuata madeni yaliwaelemea. Antonín akachukuliwa jeshini na mzigo ukabaki kwa Tomáš, akiwa na umri wa miaka 19 hivi.

Kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali, aliamua kutengeneza viatu vya turubai vyenye soli ya ngozi. Kilikuwa kiatu chepesi cha kuvaa kila siku, ambacho mtu wa kipato cha chini aliweza kukimudu. Wateja wakakipenda, madeni yakalipwa, na kampuni ikasimama.

Mwaka 1904 alisafiri hadi Lynn, mji wa viwanda vya viatu nchini Marekani. Huko alifanya kazi kiwandani kama kibarua wa kawaida ili aone jinsi mashine na mgawanyo wa kazi vinavyopunguza gharama. Aliporudi Zlín alianza kupanga kiwanda chake kwa mtindo huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alipata oda kubwa za buti za jeshi, na kiwanda kikapanuka.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1922. Thamani ya fedha ya nchi yake, wakati huo Czechoslovakia, ilipanda ghafla. Viatu vikawa ghali nje ya nchi, na ndani wananchi hawakuwa na fedha. Maghala yakajaa. Wakati wenzake wakisubiri hali ibadilike, Bata alitangaza kupunguza bei kwa nusu. Viatu vikanunuliwa, na kiwanda kikaendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, punguzo hilo lilikuwa na gharama. Mishahara ya wafanyakazi ilikatwa kwa asilimia 40, ingawa kampuni iliwauzia chakula na mavazi kwa nusu ya bei. Aidha, mafundi wadogo walimlalamikia kwamba viatu vyake vya kiwandani viliwanyang'anya wateja. Hakuelewana na vyama vya wafanyakazi pia.

Katika suala la ubora, Bata alikuwa na utaratibu wake. Kila idara ya kiwanda iliendeshwa kama duka linalojitegemea, lenye hesabu zake. Idara ya kushona ilinunua vipande kutoka idara ya kukata, na ilikuwa na haki ya kuvikataa vikiwa vibovu. Kuanzia mwaka 1924 wafanyakazi wengi walipata sehemu ya faida. Hivyo kosa la mmoja lilionekana mapema, kabla halijamfikia mteja. Maduka yake pia yalitengeneza viatu vilivyochakaa.

Alifariki Julai 12, 1932 ndege yake ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka kwenye ukungu. Aliacha wafanyakazi zaidi ya 16,000. Uongozi ulichukuliwa na ndugu yake wa baba mmoja, Jan Antonín, na kampuni ikaendelea kuenea duniani.

Nchini Kenya kiwanda cha kampuni hiyo kilijengwa Limuru. Tanzania nako ilikuwepo kampuni ya Bata, ambayo baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Serikali ilichukua hisa nyingi. Baadaye Taifa lilijenga kiwanda kikubwa zaidi mjini Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka na kuuza nyingi Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Bata alianza na mguu wa jirani yake. Morogoro ilianza na soko la mbali.

Kwa mnunuzi, hesabu ni rahisi. Kiatu cha shilingi 15,000 kinachodumu miezi mitatu kinamgharimu shilingi 60,000 kwa mwaka. Cha shilingi 45,000 kinachodumu miaka miwili kinamgharimu shilingi 22,500 tu kwa mwaka.

Jina lililopigwa chapa peke yake si dhamana. Kabla ya kulipa, kunja kiatu uone kama soli inaachia. Angalia kama imeshonwa kwa uzi au imebandikwa kwa gundi tu. Chunguza ukingo wa ngozi: halisi ina nyuzinyuzi, ya bandia huonyesha kitambaa chini ya rangi. Uliza pia kama fundi wa kijijini ataweza kubadilisha soli hiyo ikiisha.

Kwa mfanyabiashara mdogo, somo ni kwamba faida ndogo kwa kiatu kinachodumu humrudisha mteja msimu ujao. Mteja ambaye soli yake imebanduka njiani hatarudi, na jirani zake watasikia.